Mashimo mawili ya mwaka 1885

Jambo tunaloandika leo lilianza ku Kolwezi, siku ya Mungu moja mchana, mu lupango ya mzee mmoja aliyetumika miaka 27 chini ya udongo. Siku hizi ni mmoja wa wale tunaita ba DV, na watu wa huku hawana haja ya kuelezwa zile herufi mbili zina maana gani. Alituita kuangalia sinema. Televizyo iliwekwa juu ya pipa, viti viliombwa ku kanisa, groupe ilikuwa inanguruma nyuma ya nyumba, na filamu yenyewe ilikuwa ndani ya klé ya mjukuu wake, kijana wa miaka 17. Tulihesabu watu zaidi ya thelathini: wafanyakazi wa kampuni wenye zamu ya usiku, ba creuseur watano na buti zao za plastiki, wamama waliokuwa wanamenya karanga, na watoto wengi kuliko viti.

Filamu ilikuwa Germinal, ile ya Claude Berri ya mwaka 1993. Iko mu Kifaransa, inapita saa mbili na nusu, na mjukuu alikuwa anatafsiri kwa sauti kubwa kila mara wale wa ndani waliposema haraka. Mwanzoni watu walicheka sana. Waliona Gérard Depardieu, na mwili wake wote ule, anaogeshwa na bibi yake ndani ya pipa mu nyumba, na wamama wakapiga vigelegele. Kisha ikafika mahali wakubwa wa kampuni wanasema bei ya gari la makaa itashuka, na kwamba kazi ya kusimamisha miti ya kushikilia dari italipwa mbali. Pale kicheko kiliisha. Creuseur mmoja akasema, bila kugeuza kichwa: "Ile haiko sinema. Ile njo négociant anapima."

Sisi tulisoma kitabu hiki zamani, ku masomo, juu ya mtihani tu, na kusema kweli tulikisahau. Kisha ile siku tulikitafuta tena na kukisoma mpaka mwisho. Hapa tunaleta tuliyoyaona, pamoja na vitabu vingine vya mashimo ambavyo vilipata kuwa sinema, kwa sababu ile jioni mu lupango mabishano hayakuisha: nani anasema kweli juu ya mchimbaji, kitabu ao filamu?

Émile Zola hakuwa mchimbaji. Alikuwa mwandishi wa Paris, mwenye jina tayari. Mwezi wa pili 1884 wachimbaji wa makaa ya mawe wa Anzin, ku kaskazini ya Ufaransa, waligoma, na mgomo ule ulidumu siku 56. Zola alifika kule siku chache tu kisha mgomo kuanza. Ili afunguliwe milango alipita kama sekretere wa mbunge mmoja. Aliingia mu nyumba za wafanyakazi, akaangalia vitanda na masufuria, akauliza habari za mishahara na za deni ya ku duka, akashuka mu shimo la Renard, ku Denain, mita 675. Kitabu kilianza kutoka mu gazeti la kila siku, Gil Blas, vipande vipande, mwezi wa 11 mwaka ule ule, na kipande cha mwisho kilitoka mwezi wa pili 1885. Ni vizuri kukumbuka hilo: kabla ya kuwa kitabu kinene cha kuogopesha wanafunzi, Germinal ilikuwa habari ya gazeti, ambayo watu walingojea kesho yake.

Turudi ku ile mambo ya miti, juu njo roho ya kitabu. Kampuni inasema wachimbaji hawasimamishi miti vizuri, ndiyo maana mawe yanaanguka. Na ni kweli, hawasimamishi vizuri. Lakini juu ya nini? Juu wanalipwa kwa gari, na saa moja ya kuweka miti ni saa moja bila gari. Basi kampuni inashusha bei ya gari kutoka santimu 50 mpaka 40, na inaahidi kwamba tofauti itarudi ku malipo ya miti. Wachimbaji wanapiga hesabu na kuona hairudi. Yote yanayofuata, mgomo, njaa, risasi, yanatoka mu hesabu ile ndogo.

Mu filamu jambo hilo linapita mu dakika chache. Mu kitabu linajengwa polepole: kwanza unaingia mu nyumba ya Maheu saa kumi ya usiku, unaona kahawa iliyochemshwa mara ya pili kwa masalio ya jana, unaona vipande vya mkate vinagawanywa, kisha unashuka naye, unalala ubavu mu mwamba mwembamba. Ukifika ku zile santimu kumi, unazihesabu wewe mwenyewe kama za mfuko wako. Hapo kitabu kinashinda. Creuseur wetu wa ku Kolwezi alielewa upesi juu alikuwa amekwisha kuisoma ile sura mu maisha yake. Sheria ya kwetu inasema shimo la mchimbaji wa mikono lisipite mita 30, na kila mtu anajua mashimo yanayopita, na anajua juu ya nini hakuna mti ndani: mti haupimwi ku dépôt, kinachopimwa ni mufuko.

Mahali filamu inashinda ni mu mwili. Zola anaandika kurasa nyingi juu ya kikohozi cha mzee Bonnemort, yule aliyefanya maisha yake yote chini na anayetema makohozi meusi. Jean Carmet, aliyecheza mahali pake, anafanya ile yote kwa kuinama mara moja. Mzee wetu, mwenye lupango, aliinamisha macho. Kitu kingine: wengi wa wale unaoona nyuma mu filamu, mu umati, walikuwa wachimbaji wa zamani wa kule kule Nord na jamaa zao. Shimo la mwisho la eneo lile lilifungwa ku Oignies mwezi wa 12 mwaka 1990, hata miaka mitatu haikupita kabla filamu kutoka. Watu walivaa nguo za babu zao na kugoma tena mbele ya kamera, wakati kazi yenyewe ilikuwa imekwisha kufa. Na Renaud, mwimbaji aliyechukua nafasi ya Étienne Lantier, babu yake upande wa mama alikuwa mchimbaji wa makaa kule. Wengine walisema hakuwa mwigizaji wa kweli. Sisi tunaona ule ugumu wake wa uso unafaa, Étienne ni mgeni, hajui aweke mikono wapi.

Germinal ilifanywa sinema mara nyingine pia: 1913, na Albert Capellani, wakati sinema haikuwa na sauti, 1963, na Yves Allégret, na 2021 ku televizyo ya Ufaransa, vipande sita, ambamo wanawake walipewa nafasi kubwa zaidi. Wenye haraka waanze na ile ya Berri.

Askari wanapopiga risasi na Maheu anaanguka, mu lupango hakuna mtu alisema neno. Kisha mzee akasema tarakimu moja tu: "Quarante et un." Vijana walimwangalia. Alikuwa anasema juu ya mwezi wa 12 mwaka 1941, wakati wafanyakazi wa Union Minière walipogoma mu Élisabethville juu ya mshahara, bei ya vitu wakati wa vita ilikuwa imepanda, na askari waliwapiga risasi ku kiwanja cha mpira. Baba yake alikuwa mtoto, alisikia. Ile historia iko mu vitabu vya maprofesa, tumeisoma. Mu sinema hatujaiona, na vijana watano ku sita waliokuwa pale, wazaliwa wa Katanga, walijifunza jambo la Lubumbashi kwa kuangalia filamu ya Ufaransa.

Ile jioni njo mzee alitoa kitabu chake kingine. Kilikuwa hakina tena jalada, kimefungwa na uzi. "Mashimo ya Mfalme Sulemani." Baba yake mdogo alikileta zamani kutoka Kigoma, na mzee alijifunza humo kile anachoita Kiswahili ya bitabu. Mwandishi ni Mwingereza, H. Rider Haggard, Frederick Johnson alikitafsiri mu Kiswahili, kikatoka 1929, na watoto wa masomo wa Tanganyika na Kenya walikisoma kizazi kwa kizazi. Habari yake wengi wanaijua hata bila kusoma: mwindaji Allan Quatermain na wenzake wawili wanavuka jangwa na milima kutafuta ndugu aliyepotea na almasi za mfalme, pamoja na Umbopa, mtumishi anayetokea kuwa mfalme Ignosi. Inasemekana Haggard alikiandika kwa kubishana na ndugu yake juu ya shilingi tano, kwamba ataweza kuandika kitu kizuri sawa na Treasure Island. Kikanunuliwa kama mikate.

Tulifungua kuangalia mwaka wa kitabu cha Kiingereza: 1885. Mwaka ule ule wa Germinal. Na mwezi wa pili wa mwaka ule, wakati kipande cha mwisho cha Zola kinatoka mu gazeti ku Paris, ku Berlin wakubwa walikuwa wanaweka sahihi ku karatasi za kugawanya Afrika, na Kongo ikawa nchi ya mfalme Léopold. Msiri alikuwa angali ku Bunkeya, anauza shaba na pembe, hakuna aliyemwuliza.

Basi mashimo mawili, mwaka mmoja. Moja liko Ulaya, limejaa watu: lina baba, mama, watoto saba, babu, farasi, hata sungura. Lingine liko Afrika, na ndani yake hakuna mtu anachimba. Someni tena muone. Almasi ziko tayari mu masanduku ya mawe, mu chumba, zinangoja. Nani alizichimba, alikula nini, alilipwa nini, mlango wa jiwe ulimwangukia nani kabla haujamwangukia bibi kizee Gagool? Quatermain anajaza mifuko yake na kurudi kwao tajiri. Tunasema hivi bila kukichukia kitabu. Kinasomwa mbio mbio, usiku mmoja, na Kiswahili cha Johnson kilitulia vizuri. Lakini mtu wa Kolwezi akikisoma na Germinal pembeni, anaona tofauti iliyo kati ya mwandishi aliyeshuka shimoni na mwandishi aliyeliota.

Na sinema? Zilizidi kupoteza njia. Mu kitabu hakuna mwanamke mzungu mu safari. Mu filamu ya 1937 wakaingiza mmoja, na mu ile ya 1950 ya Stewart Granger na Deborah Kerr, njo yeye mwenyewe anaanzisha safari, anamtafuta bwana yake. Ile ya 1937 ina kitu kimoja cha thamani, sauti ya Paul Robeson, Mwamerika mweusi, mahali pa Umbopa. Ile ya 1950 ilikuja kupigwa picha huku huku: Kenya, Tanganyika, Uganda, na Kongo ya Wabelgiji. Milima, wanyama, na Watutsi warefu wanaocheza, hata leo inapendeza macho. Ile ya 1985, ya Richard Chamberlain na Sharon Stone, ni mchezo wa kufukuzana. Watoto wataipenda, na sisi tulilala kabla ya mwisho.

Kuna kitabu cha tatu tunachotaka kutaja, hasa kwa watu wa Lubumbashi wanaoamka kila asubuhi na ule mlima mweusi wa terril mbele ya macho. Kinaitwa How Green Was My Valley, cha Richard Llewellyn, kilitoka 1939. Kiko ku Wales, ku makaa ya mawe. Kinaanza na mtu mzima, Huw, anayefunga vitu vyake kuhama, kwa sababu uchafu wa shimo, ule mlima wa mawe yaliyotupwa miaka na miaka, umeteremka mpaka unasukuma nyumba ya wazazi wake. Kisha anarudi mu mawazo, wakati bonde lilikuwa la majani mabichi. Miaka miwili kisha, 1941, John Ford alifanya filamu. Vita ilikuwa Ulaya, hakuweza kwenda Wales. Akajengesha kijiji kizima ku California. Ikapata Oscar ya filamu bora, mbele ya Citizen Kane, na wenye kujua sinema wanabishana juu yake mpaka leo. Tunaipenda, hasa ile meza ya chakula ambapo watoto wanaume wanapinga baba yao juu ya sendika na kuondoka mmoja mmoja. Lakini Ford alifanya shimo la uzuri kupita kiasi. Wachimbaji wake wanarudi ku kazi wakiimba. Mu lupango tuliuliza kama kuna mtu aliwahi kutoka zamu akiimba. Mmoja akajibu: "Siku ya paie." Haya, tumwachie Ford.

Mjukuu, yule mwenye klé, alitusikiliza yote, akasema vitabu vyetu vyote ni vya kufa. Alikuwa na haki kidogo. Tukamwambia juu ya Homer Hickam. Huyu ni Mwamerika, mtoto wa Coalwood, mji wa makaa mu West Virginia, ambamo nyumba, duka, kanisa, vyote vilikuwa vya kampuni. Mwaka 1957 aliona Sputnik ya Warusi inapita mu mbingu, akaanza kutengeneza roketi na wenzake, kwa vyuma walivyookota na msaada wa mafundi wa garage ya mine. Baba yake alikuwa mkubwa wa shimo na alitaka mtoto afuate nyuma yake. Homer alipata kuwa mhandisi wa NASA. Aliandika maisha yake mu kitabu Rocket Boys, 1998, na mwaka uliofuata kikawa filamu, October Sky. Mukipanga tena herufi za Rocket Boys munapata October Sky, jaribuni mu karatasi.

Lakini kuna jambo filamu iliongeza. Baba anaumia shimoni, na Homer anaacha masomo, anavaa kofia na kushuka mahali pake ili nyumba ile. Mu kitabu haiko vile, hakuacha masomo. Sinema ilitaka machozi. Tulimwambia mjukuu, na hapo mama yake, aliyekuwa kimya tangu mwanzo, akasema: "Uko unamuambia yeye? Yeye njo anataka kuacha kabla hata baba hajaumia." Ndiyo tukajua. Kijana amebakiza mwaka mmoja afanye Examen d'État, na marafiki zake wawili wamenunua pikipiki na franga za ku mashimo. Alikuwa amesema ataenda kisha Pasaka. Hakuna aliyeongeza neno. Mzee alimtuma achukue maji.

Mutatuuliza: na sisi wenyewe, miji yetu haiko mu sinema? Iko. Likasi iko mu The Siege of Jadotville, ya 2016, iliyotokana na kitabu cha Declan Power cha 2005, juu ya askari wa Irlande wa ONU waliozungukwa pale mwezi wa 9 mwaka 1961, wakapigana siku kadhaa mpaka risasi zikaisha, bila hata mmoja wao kufa. Ilipigwa picha Afrika ya Kusini. Kolwezi iko mu La Légion saute sur Kolwezi, kitabu cha Pierre Sergent cha 1979, filamu ya Raoul Coutard ya 1980. Ile ilipigwa picha Guyane, ku upande mwingine wa bahari. Ni vitabu vya askari, vimeandikwa kwa macho ya askari, na shimo ni kitu kilicho nyuma ya moshi. Mtu wa Likasi anaangalia Likasi na hatambui hata mti mmoja wa muembe.

Kwa upande wa kuandika, mtoto wa Lubumbashi, Fiston Mwanza Mujila, aliyezaliwa 1981, alitoa Tram 83 mwaka 2014, na ndani kuna baa, reli, wanafunzi na wachimbaji, na kelele yote ya usiku tunayoijua. Kimetafsiriwa mu lugha nyingi. Si kitabu cha kusoma na watoto, tunawaambia mapema. Na kwa upande wa kuigiza, wakubwa wanakumbuka kundi la Mufwankolo, namna walivyochukua neno moja la wazee na kulifanya mchezo mzima, mu Kiswahili chetu cha kila siku, bila kuona haya. Kwa hiyo watu wa kuandika wako, na watu wa kucheza wako. Germinal haina tena mwenye haki wa kulipwa. Zola alikufa 1902, na ku mazishi yake wachimbaji waliotoka Denain walipita mbele ya jeneza wakiita jina la kitabu. Yeyote anaweza kukichukua, kukitafsiri, kukicheza mu paroisse ao ku masomo, bila kuomba ruhusa ya mtu.

Filamu ilipoisha, ile siku, ilikuwa giza. Mu mwisho wake bibi ya Maheu, ule wamama walioupenda tangu pipa la maji, anashuka mwenyewe shimoni. Mama mmoja, ambaye bwana yake alibaki mu galerie na hakutolewa, alituuliza: "Na ule mama, balikuwa banamulipa ngapi?" Hatukujua. Tulirudi siku ya Mungu iliyofuata na kitabu. Ni sou 30 kwa siku, juu ya kuzungusha gurudumu la kuingiza hewa, saa kumi, na kampuni inasema hiyo ni huruma, kwa sababu ana miaka 40 na kwa kawaida mwanamke wa umri ule hachukuliwi tena. Bwana amekufa, Zacharie amekufa, Catherine amekufa, Alzire mdogo amekufa na njaa.

"Na batoto balibakia bangapi?"

Wanne, tukamwambia, na mzee asiyeweza tena kutembea. Jeanlin anapata sou 20 juu ya shimo.

Alihesabu ku vidole, polepole, kama mtu anayepanga soko. "Haifike," akasema. Kisha akaomba tumsomee ile sura yote, mu Kiswahili.

Mjukuu njo ameanza kuitafsiri, mu kaye yake ya masomo. Tumeona ukurasa wa kwanza. Pasaka imepita na angali anaenda ku masomo, ijapo mama yake anasema tusiandike hivyo, tusije tukamtia mkosi. Mu ukurasa ule aliacha nafasi wazi mahali pamoja, juu hakujua aandike "mgomo" ao neno lingine. Babu yake alimwambia aandike "grève", juu ku kazi njo vile walisema.